Lahaina: tutembee katika muji wenye ulinyang'anywa maji

Ndugu musomaji, safari ya leo haiombi pasporti wala pesa ya ndege. Keti tu, wewe na watoto, na kama kuko ramani ya dunia ku nyumba, muifungue. Tafuteni bahari kubwa ya Pasifiki, ile yenye inatenga Azia na Amerika. Katikati yake, upande wa kaskazini, mutaona nukta ndogo zimepangwa kama mbegu. Ni visiwa vya Hawaii, pembe ya juu ya Polinezia. Polinezia maana yake ni "visiwa vingi". Wakaaji wake walifika kule na mitumbwi iliyofungwa miwili miwili, wakifuata nyota na mawimbi, mamia ya miaka mbele muzungu hajajua kama bahari ile iko. Kisiwa cha pili kwa ukubwa kinaitwa Maui, na upande wake wa mangaribi, chini ya milima, kuko muji wa Lahaina. Tangu 1898 Hawaii iko chini ya Marekani, lakini mbele yake ilikuwa ufalme, na Lahaina ilikuwa muji wake mukubwa mupaka 1845.

Niwaambie mapema: muji huu uliungua tarehe 8 mwezi wa 8, 2023. Watu 102 walikufa, majengo zaidi ya 2,200 yakaharibika. Mbele ya moto ule, wageni walizoea kutembea Lahaina kwa miguu, toka kibao kimoja cha historia mupaka kingine, saa mbili au tatu chini ya jua. Sisi tutafuata njia ileile, lakini macho yetu tutayaweka ku kitu kimoja chenye wageni wengi walipita bila kukiuliza: maji.

Kwa sababu Lahaina ni mahali pa jua kali. Wengi wanasema hata jina lenyewe maana yake ni jua lisilo na huruma. Mvua ya mwaka muzima pale chini haifiki nusu metre. Lakini inua macho: kilele cha Pu'u Kukui, kilometre chache nyuma ya muji, kinapokea karibu metre 9 za mvua kila mwaka, ni kati ya mahali penye kulowa zaidi katika dunia. Maji ile ilishuka kwa mito, wazee wakaichimbia mifereji, wakapanda majimbi, ile wengine kwetu wanaita mateke, na miti ya mkate yenye matunda yake yanachomwa na kuliwa. Jina la zamani la muji ni Lele, na wazee wake waliusifu juu ya kivuli cha miti ile.

Tuanzie bandarini. Hapa mutakuta mawe ya musingi wa nyumba ya matofali yenye mufalme Kamehameha wa kwanza alijengewa karibu na mwaka wa 1800. Wajenzi walikuwa wanaume wawili waliotoroka toka gereza la Waingereza kule Australia. Inasimuliwa kwamba muke wake mupendwa, Ka'ahumanu, alikataa kulala ndani. Alipenda nyumba ya majani. Wamama, munamwelewa.

Nyuma ya matofali zikaja meli. Katika miaka ya 1820 mupaka 1860 Lahaina iliishi kwa nyangumi, yule munyama wa bahari mukubwa kupita tembo wote. Mafuta yake yaliwasha taa za Amerika na Ulaya. Mwaka wa 1846 meli zaidi ya 400 zilitia nanga hapa. Kila meli ilishusha wanaume wenye hawakuona inchi kavu miezi na miezi, na mushahara ku mufuko. Wenye munakaa karibu na shimo la madini munajua siku ya malipo inafanana namna gani, sina haja ya kuandika zaidi.

Mwaka wa 1825 wakubwa wa kisiwa waliweka sheria: wasichana wasipande tena kulala ndani ya meli. Wanamaji wa meli moja ya Kiingereza, jina lake Daniel, wakakasirika. Hawakuenda kwa mufalme. Walienda kwa pasta, William Richards, wakiwa na visu, wakamwambia afute sheria ao watamuua. Richards alijibu kwamba sheria si yake. Muke wake akasimama karibu naye. Wenyeji wakazunguka nyumba yao kuwalinda. Miaka miwili nyuma, meli ingine ilipiga munzinga kuelekea nyumba ile. Ndiyo sababu gavana Hoapili alijenga boma la mawe ya bahari pale bandarini. Mwaka wa 1854 boma likabomolewa, na mawe yake yakajenga ukuta wa gereza, Hale Pa'ahao. Wengi wenye walifungwa mule walikuwa wanamaji wenye hawakurudi ku meli jua likizama. Nyumba za mbao za gereza ziliungua 2023. Ukuta wa mawe ya bahari ungali pale.

Mbele kidogo tu, angalia muti. Ni jamaa ya mikuyu yetu, ulitoka India ukiwa na urefu wa metre 2 na kidogo. Walioupanda mwezi wa 4, 1873 walifanya hivyo kukumbuka miaka 50 tangu Injili kufika Lahaina. Muti huu unateremusha mizizi toka matawi, na muzizi ukigusa udongo unakuwa shina lingine. Watu wa muji walifunga chupa za maji chini ya mizizi yenye walitaka ikue, ili ishuke ikitafuta kunywa. Hivyo muti mumoja ukapata mashina 46 na kimo cha metre 18. Moto wa 2023 uliuchoma wote, majani yakawa kahawia. Wajuzi wa miti wakaleta maji na magari, siku kwa siku, pamoja na mboleo. Mwezi wa 9 majani mabichi yakaanza kutoka. Matawi mengi yalikufa na kukatwa, lakini muti uko muzima.

Ng'ambo ya barabara ilisimama nyumba ya mawe ya Dwight Baldwin, pasta na muganga. Mwaka wa 1853 ndui iliingia Hawaii na kuua maelfu. Baldwin alizunguka Maui akichanja watu, na kule vifo vilikuwa vichache sana kuliko kisiwa cha Oahu. Nyumba yake iliungua. Nitarudi kwa jamaa yake, kwa sababu mwanawe aliingia katika habari ya maji.

Malkia mwenye alikula na mutoto wake

Sasa tushike barabara ya kusini, mupaka kanisa la Waiola. Kanisa lenyewe mutalikosa. Lilijengwa kwa mawe kati ya 1828 na 1832. Mwaka wa 1858 upepo wa Kaua'ula, ule wenye unashuka ghafula toka bonde la mulima, uliling'oa paa. Likaungua 1894, likaungua tena 1947, upepo ukaliangusha 1951, na 2023 moto ukalimaliza. Makaburi ndiyo yamebaki, na ndani yake analala malkia Keopuolani.

Vijana, musikilize habari yake vizuri. Katika desturi ya zamani mwanamuke hakukula meza moja na mwanaume. Nyama ya nguruwe, nazi na ndizi nyingi zilimukatazwa, na azabu ilikuwa kifo. Keopuolani alikuwa wa damu ya juu kupita wote, hata mume wake, mufalme Kamehameha, alimukaribia kwa heshima. Mufalme alipokufa, 1819, mama huyu aliketi mbele ya watu wote akala pamoja na mwana wake mudogo. Hakuna kitu kikamupata. Kisha mwana wake mukubwa, mufalme mupya, akafanya vile na wanawake, na ile sheria yote ikaanguka. Na muangalie tarehe: wamisionere walifika 1820. Tunazoea kuhubiri kwamba wageni ndio walileta mwangaza wote. Hapa mama wa kisiwa alivunja nira ile miezi mbele yao.

Mwaka wa 1823 alihamia Lahaina akiomba walimu wamufuate. Mwenye alimusikiliza zaidi hakuwa muzungu. Alikuwa Taua, mwalimu wa Tahiti, Mupolinezia kama yeye. Alibatizwa tarehe 16 mwezi wa 9, 1823, saa moja hivi mbele ya kukata roho.

Karibu naye analala binti yake Nahi'ena'ena. Kwa desturi ya wakubwa wa zamani, alipaswa kuolewa na ndugu yake wa damu, Kamehameha wa tatu, ili uzao usichafuke. Kwa kanisa ilikuwa zambi kubwa. Musichana akavutwa huku na huku. Siku moja yuko kanisani, siku ingine yuko kwa ngoma. Mwaka wa 1835 kanisa likamutenga. Mwisho wa 1836 akafa, na umri wake ulikuwa miaka 21. Mimi pasta nikisoma habari hii sisemi haraka nani alikuwa na haki. Naona tu kwamba kati ya wakubwa wawili wenye walishindana juu yake, hakuna mwenye alimupa mahali pa kupumuzika.

Bwawa chini ya uwanja wa mupira

Vuka barabara tu. Unaona uwanja wa majani wa kuchezea mupira? Simama hapo katikati. Chini ya viatu vyako kuko bwawa la wafalme.

Liliitwa Mokuhinia, na ndani yake kisiwa kidogo, Moku'ula. Wazee walisema ndani ya maji ile anakaa Kihawahine, mulinzi wa ukoo wa wafalme, mwenye umbo la mujusi. Kamehameha wa tatu alikaa kule toka 1837 mupaka 1845, karibu na kaburi la mama na la dada yake. (Mifupa yao ilihamishwa ku makaburi ya kanisa mwaka wa 1884.) Kwa miaka ile mufalme alitoa tangazo la haki za watu, 1839, na katiba ya kwanza, 1840. Yule Richards wa visu aliacha kazi ya misioni akawa mushauri wake. Tangazo lile linaanza na neno lenye mutalikuta katika Matendo 17:26, juu ya mataifa yote kuwa damu moja. Mukulima wa kawaida aliandikiwa kwamba mukubwa hawezi kumunyang'anya kitu bila sheria.

Basi bwawa lilikauka namna gani? Mafuta ya petroli yalitoka chini ya udongo kule Pennsylvania mwaka wa 1859, na bei ya mafuta ya nyangumi ikaanza kuanguka. Mwaka uliofuata, 1860, kompanyi ya sukari Pioneer Mill ilianza Lahaina. Muwa unakunywa sana. Kompanyi ikashika mito, ikageuza maji toka mabondeni kuipeleka ku mashamba yake. Majimbi ya wenyeji yakakauka, familia zikaacha viwanja. Bwawa la wafalme likakosa maji ya kuingia, likawa matope na mbu, watu wakalilalamikia. Mwaka wa 1914 likafukiwa na udongo, wakaweka uwanja. Watoto wa muji walicheza pale miaka mingi bila kuambiwa wako juu ya nini.

Hapa ndipo ninarudi kwa Baldwin. Mwana wake Henry alizaliwa Lahaina mwaka wa 1842. Yeye na mwenzake Samuel Alexander, naye mwana wa misionere, wakawa matajiri wa sukari upande mwingine wa Maui, na kati ya 1876 na 1878 walichimba mufereji mukubwa wa Hamakua kuleta maji ku miwa yao. Mwaka wa 1876 mashini ilimukata Henry mukono wa kuume. Inasimuliwa kwamba wafanyakazi walipoogopa kushuka korongo moja kwa kamba, yeye akashuka wa kwanza, na mukono mumoja. Ujasiri haukumukosa. Lakini baba alishika sindano ya chanjo ili watu wa Maui wasiishe, na mwana akashika maji yao. Kanisa likiandika historia yake, liandike kurasa zote mbili.

Twende sasa kiwandani. Bomba la moshi la Pioneer Mill lina metre 68, lilijengwa 1928, na moto wa 2023 haukuliangusha. Wa Lubumbashi watacheka, wao wana lao refu zaidi ya mara mbili. Lakini maisha ya chini ya bomba, baba wa kazi, utayatambua bila kuelezwa. Wafanyakazi waliletwa toka China, Japani, visiwa vya Wareno, kisha Filipino. Kila taifa na kambi yake, na mushahara haukuwa sawa kwa kazi ileile. Kila mutu alipewa namba yake imechongwa ku kipande cha chuma, walikiita bango. Ku duka la kompanyi ulionyesha bango, deni likaandikwa. Siku ya malipo uliita namba, si jina. Kapita wao aliitwa luna, juu ya farasi. Mupaka 1900, mwenye alitoroka mbele ya mukataba kuisha alitiwa gerezani. Na bado katika kambi zile watoto walizaliwa, wakapikiana vyakula vya mataifa yote, wakaoana, wakafanya luga ya kuchanganya. Sisi wa kambi tunajua namna hiyo.

Mwaka wa 1999 kompanyi ikafunga kiwanda. Muji ulikuwa umeshazoea kuishi na watalii. Ku mashamba hakubaki mukono wa kulima. Ku vilima vya miwa yakaota majani marefu yenye watu wanaita majani ya Guinea. Ni majani ya kwetu Afrika, ndugu. Yalipelekwa kule kuwa chakula cha ngombe. Kwetu yanaota kando ya barabara. Kule yalifika mupaka ukingo wa nyumba, na yakikauka yanawaka kama karatasi.

Asubui ya tarehe 8 mwezi wa 8, 2023, upepo mukali ulishuka toka mulimani, tufani Dora ikipita mbali kusini. Nguzo za umeme zikaanguka. Uchunguzi uliotoka mwezi wa 10, 2024 ulisema waya uliovunjika, wenye umeme ulirudishwa ndani yake, uliwasha majani. Wazima-moto wakauzima, wakaangalia saa nyingi, wakaondoka. Kisha mchana makaa yaliyobaki yakaamuka na upepo. Ving'ora havikulia. Mukubwa mumoja alisema waliogopa watu wangefikiri ni hatari ya bahari, wakimbilie mulimani kwenye moto. Mabomba ya nyumba zilizoungua yakapasuka, na wazima-moto wakafungua ya barabarani, maji hamuna. Watu wakaruka ukuta wa pwani wakaingia baharini, wakashikilia mawe saa nyingi katika moshi. Wengi wa wenye walikufa walikuwa wazee. Kesi ziliishia kwa mapatano ya dolari miliari 4 hivi, kati yao kompanyi ya umeme, serikali na wenye mashamba.

Wenyeji wenye walianza kurudi kujenga waliomba maneno mawili: wauziwe viwanja hapana wageni matajiri, na maji irudi. Kufukua bwawa la Moku'ula kumeandikwa katika mipango ya kujenga upya muji.

Kibao cha mwisho kiko juu ya kilima, nje ya muji: shule ya Lahainaluna, iliyoanzishwa 1831. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wanaume wakubwa, kati yao David Malo, mwenye alikuwa karibu na miaka 40 alipokaa ku kiti cha shule. Katika nyumba yake ya kupiga chapa, Hale Pa'i, gazeti la kwanza la Hawaii lilitoka tarehe 14 mwezi wa 2, 1834, katika luga ya wenyeji. Na muisikie hii, watu wa shaba: ramani na picha walizichonga ku vipande vya shaba vya kuukuu vyenye vilifunika matumbo ya meli! Walichapa hata noti za pesa za shule, na mwaka wa 1844 noti za uongo zikaonekana. Zote zikarudishwa, mupya zikachapwa na alama za siri. Walimu waliwafundisha kuchonga vizuri kupita kiasi.

Malo akawa pasta na mwandishi wa desturi za taifa lake. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza 1903, miaka 50 nyuma ya kufa kwake. Aliona mapema wageni wanavyojaa. Aliomba azikwe juu ya mulima ule nyuma ya shule, mahali wenye kununua udongo hawatafika. Walimuzika kule, 1853.

Moto wa 2023 haukufika ku shule. Ilifunguliwa tena mwezi wa 10 mwaka uleule, na wanafunzi wengi waliingia kalasi wakiwa hawana nyumba. Karibu na kaburi la Malo kuko herufi L kubwa, inaonekana toka baharini. Wanafunzi wenyewe ndio wanaitunza: wanapanda kwa miguu, mifuko ya chokaa ku mabega, wanaipaka upya, na toka pale wanaona muji wote chini, bomba la moshi, uwanja wa mupira, na muti.